Talleyrand alikuwa mwaminifu kwa nani?

Anayeanza kumsoma Charles-Maurice de Talleyrand hujikuta anahesabu kwa vidole. Chini ya mfalme Louis XVI alikuwa askofu. Mapinduzi ya Ufaransa yalipokuja akawa mbunge wake. Akawa waziri wa mambo ya nje wa serikali ya Wakurugenzi Watano, akashiriki kuipindua, akaendelea na wizara hiyo hiyo chini ya Napoleon, kwanza kama konsuli na baadaye kama kaizari. Napoleon alipoanguka, ni yeye aliyemfungulia mlango Louis XVIII. Mwaka 1830, akiwa na miaka 76, akaenda London kuwa balozi wa Louis-Philippe. Kila bwana alimwapia. Inasimuliwa kwamba alipomaliza kumwapia huyo wa mwisho, alimwambia kuwa hicho kilikuwa kiapo chake cha 13.

Kiswahili kina neno tayari kwa mtu wa aina hiyo: ndumilakuwili. Watu wa zama zake walimwita mabaya zaidi. Lakini ukizipanga tarehe vizuri na kutazama alimwacha nani, saa ngapi, na baada ya kumshauri nini, neno hilo linaanza kumpwaya. Halimtoki kabisa, nitalirudia. Ila kuna jambo moja alilolishika tangu 1789 mpaka anakufa, na bila kulijua hilo maisha yake hubaki kuwa orodha ya usaliti tu.

Tuanze na mguu. Alizaliwa Paris tarehe 2 Februari 1754 katika ukoo wa Talleyrand-Périgord, makabaila wa kale waliojivunia ukale wao hata mbele ya wafalme. Mguu wake wa kulia ulikuwa umepinda. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba alianguka kutoka juu ya kabati la droo akiwa mtoto mikononi mwa yaya. Wanahistoria wengi wanaona alizaliwa hivyo. Vyovyote iwavyo, alichechemea maisha yake yote, na wazazi wake wakamnyang'anya haki ya mtoto wa kwanza, wakampa mdogo wake, Archambaud. Katika nyumba za watu wale mtoto wa kwanza wa kiume alirithi cheo na upanga. Asiyeweza kuvaa buti la kijeshi alivishwa kanzu ya padri. Mwaka 1770 akaingizwa seminari ya Saint-Sulpice, chini ya mwavuli wa baba yake mdogo aliyekuja kuwa Askofu Mkuu wa Reims. Hakuna aliyemuuliza kama ana wito.

Alipewa daraja ya upadri mwishoni mwa 1779, na mwaka uliofuata akachaguliwa kuwa wakala mkuu wa makleri, mmoja wa wawili waliotetea mali za Kanisa mbele ya serikali ya mfalme. Kazi hiyo waandishi wengi huipita haraka, na mimi naona ndiyo ufunguo. Kwa miaka mitano kijana huyu alikaa na daftari za Kanisa la Ufaransa: mashamba, kodi za nyumba, zaka, madeni. Alijua kila kilichomo ghalani. Alijua pia jinsi serikali ilivyokuwa inazama, maana ndiyo iliyokuwa ikija kubisha hodi kuomba fedha.

Uaskofu wa Autun aliupata mwishoni mwa 1788, akawekwa wakfu Januari 1789. Jimboni alikaa kama mwezi mmoja, muda wa kutosha kuchaguliwa kuwa mwakilishi wa makleri katika Mkutano wa Matabaka Matatu uliofunguliwa Versailles tarehe 5 Mei.

Mfalme aliuitisha mkutano ule kwa sababu hazina ilikuwa tupu. Karibu nusu ya mapato ya serikali iliishia kulipa riba za madeni, huku matabaka mawili ya juu, makleri na makabaila, yakibeba sehemu ndogo sana ya kodi. Tarehe 10 Oktoba 1789 Talleyrand alisimama bungeni akapendekeza mali zote za Kanisa ziwekwe mikononi mwa taifa. Hoja yake ilikuwa ya kisheria zaidi kuliko ya kimapinduzi. Waumini, alisema, hawakutoa mashamba yale ili yawe ya askofu fulani. Waliyatoa kwa ajili ya ibada, mafundisho na matunzo ya maskini. Taifa likijitwika kazi hizo na kuwalipa mapadri, basi mali iifuate kazi. Tarehe 2 Novemba pendekezo likapita. Takriban sehemu moja ya kumi ya ardhi ya Ufaransa ikabadili mwenyewe, kwa mkono wa mtu aliyeajiriwa miaka michache nyuma kuilinda.

Makleri wenzake hawakumsamehe, na siwalaumu. Alizitumia siri za nyumba kuivunja nyumba. Ila tuwe wakweli pia: deni lilikuwa la kweli, na aliyekuwa na daftari alijua kwamba hakuna ghala jingine la kulilipa. Baadaye noti za assignat zilizotolewa kwa dhamana ya ardhi hiyo zikachapishwa bila kipimo mpaka zikawa karatasi tu. Hilo halikuwa pendekezo lake; mwaka 1790 alisimama kuonya dhidi ya kuzimwaga sokoni.

Machi 1790 alileta pendekezo jingine ambalo linatugusa hata sisi. Kila mkoa wa Ufaransa ulikuwa na vipimo vyake, na mkulima aliyevuka mto alipunjwa kwa kipimo cha ng'ambo. Talleyrand alitaka kipimo kimoja kitokane na maumbile, asiweze mkoa wala mfalme kukidai kuwa chake. Yeye alifikiria urefu wa pendulumu inayopiga sekunde moja. Wanasayansi baadaye wakachagua mzingo wa dunia. Mita na kilo ndivyo vilivyozaliwa. Muuza vitambaa wa Kariakoo anayenyoosha mita yake juu ya meza anatumia kitu ambacho askofu huyu alikuwa miongoni mwa wa kwanza kukipigania bungeni.

Tarehe 14 Julai 1790, mwaka mmoja baada ya kuanguka kwa gereza la Bastille, aliongoza misa kwenye uwanja wa Champ de Mars, mvua ikinyesha juu ya umati mkubwa. Hazikubaki misa nyingi. Bunge liliwataka makleri waape kuitii katiba mpya ya Kanisa, naye akaapa. Februari 1791 akawaweka wakfu maaskofu wawili bila idhini ya Roma. Papa Pius VI akamlaani, naye alikuwa amekwisha kuliacha jimbo. Akawa na miaka 37, hana kanzu, hana mguu wa kumpeleka vitani, na nchi inawaka.

Kwa nini kabaila afanye haya? Wapo wanaosema alikuwa analipiza kisasi cha mguu: walimfanya padri kwa nguvu, akalivunja Kanisa. Ni hadithi tamu, lakini hainitoshi. Tangu majira ya 1789 Talleyrand alikuwa akitetea jambo lile lile: ufalme wenye katiba, bunge la mabaraza mawili kama la Uingereza, biashara huru kiasi, na amani na Waingereza. Hakutaka jamhuri, wala hakutaka mfalme asiyefungwa na sheria. Alitaka makabaila wapoteze upendeleo wa kodi kabla hawajapoteza vichwa. Shikilia hilo unaposoma yaliyofuata.

Tarehe 10 Agosti 1792 umati ulivamia kasri la Tuileries na ufalme ukafa. Mwanzoni mwa Septemba wafungwa zaidi ya elfu moja wakachinjwa katika magereza ya Paris. Makabaila waliokuwa wamekimbia nchi walikwisha kupoteza mali zao, na aliyekamatwa aliuawa. Talleyrand hakutaka kukimbia. Alitaka kuondoka, na kwake hayo yalikuwa mambo mawili. Akamwandama Danton, waziri wa sheria, mpaka akapata pasi ya kusafiria ya tarehe 7 Septemba, yenye maneno kwamba anakwenda London kwa amri ya serikali. Siku ile watu walikuwa tayari kutoa kila walichonacho wapate njia ya kutoka. Yeye alitafuta karatasi ya kumrudisha.

Miezi michache baadaye karatasi hiyo ilionekana haina kazi. Ndani ya kabati la chuma lililofichwa ukutani Tuileries zilipatikana nyaraka zilizoonyesha kwamba alikuwa ameutolea ufalme huduma zake kwa siri, na Desemba 1792 bunge likatoa hati ya kumshtaki. Januari 1793 mfalme alikatwa kichwa. Mwanzoni mwa 1794 Uingereza nayo ikamfukuza. Akapanda meli hadi Philadelphia, akaishi Marekani miaka miwili, akifanya udalali wa ardhi na kuzungumza usiku na Alexander Hamilton, mmoja wa waasisi wa taifa hilo. Rais Washington alikataa kumpokea. Aligundua huko kwamba Wamarekani, hata baada ya kupigana na Waingereza, waliendelea kununua bidhaa za Waingereza, kwa sababu lugha, mikopo na mazoea vilikuwa vile vile. Mwaka 1797 aliyasoma mawazo hayo mbele ya wasomi wa Paris.

Alikuwa amesharudi, na ile pasi ya Danton ndiyo iliyomrudisha. Marafiki zake, hasa Madame de Staël, walihangaika mpaka Septemba 1795 bunge likafuta mashtaka, na hoja kuu ilikuwa kwamba hakuwahi kuwa mkimbizi: alitumwa. Julai 1797 akawa waziri wa mambo ya nje.

Hapa lazima niseme habari za fedha, kwa sababu anayemtetea Talleyrand bila kuzitaja anadanganya. Alikula mlungula, na alikula sana. Mwaka huo huo wajumbe watatu wa Marekani walifika Paris kumaliza mgogoro wa meli. Wapatanishi wakawafuata pembeni wakawaeleza kwamba mazungumzo yataanza baada ya Marekani kuikopesha Ufaransa, na baada ya pauni 50,000 kuingia mfukoni mwa waziri. Wajumbe waligoma. Rais John Adams alipotangaza barua hizo mwaka 1798, majina ya wapatanishi yakifichwa kwa herufi X, Y na Z, nchi mbili zilizokuwa marafiki zikaingia kwenye mapigano ya baharini. Hakuna katiba wala amani iliyohitaji pauni zile. Ilikuwa tamaa, na Wafaransa waliilipia.

Novemba 1799 alikuwa miongoni mwa waliomwandalia Bonaparte njia ya kuipindua serikali ya Wakurugenzi. Miaka ya mwanzo ilimpa alichokitaka: mapatano na Papa mwaka 1801, amani na Uingereza mwaka 1802. Roma ikamruhusu arudi kuwa mlei, ingawa haikumruhusu kuoa. Akaoa hata hivyo. Machi 1804 likatokea doa ambalo halikutoka: Duke wa Enghien, kijana wa ukoo wa wafalme wa zamani, alitekwa nje ya Ufaransa na kupigwa risasi Vincennes. Talleyrand alikanusha baadaye na nyaraka nyingi zikachomwa, lakini wanahistoria wengi wanakubali kwamba alikuwemo katika mashauri.

Mwaka 1805, kabla na baada ya ushindi wa Austerlitz, alimshauri Napoleon aiache Austria ikiwa na nguvu, aifanye rafiki, iwe ukuta dhidi ya Urusi. Napoleon akaikamua ardhi na fedha. Mwaka 1807 Prussia, dola kubwa ya Kijerumani, nayo ikasagwa. Agosti mwaka huo Talleyrand akaacha uwaziri. Angalia mpangilio: alishauri, akapuuzwa, akaondoka wizarani wakati Napoleon yuko kileleni kabisa. Bendera hufuata upepo, na upepo wa 1807 wote ulikuwa upande wa Napoleon.

Kisha ukaja mkutano wa Erfurt, mji wa Ujerumani, vuli ya 1808, na hapo ndipo penye ugumu wa kweli. Napoleon alimchukua Talleyrand amsaidie kumvuta Tsar Alexander wa Urusi. Kila jioni, pembeni mwa sherehe, Talleyrand alimwambia Tsar kinyume chake: asikubali, asimame imara, kwa kuwa ni yeye tu anayeweza kuiokoa Ulaya, na Wafaransa na mtawala wao hawakuwa kitu kimoja. Kwa sheria ya nchi yoyote huo ni uhaini. Yeye aliona kaizari asiyeshiba vita atawamaliza Wafaransa wenyewe, na miaka minne baadaye theluji ya Urusi ilimaliza jeshi la mamia ya maelfu ya watu. Ningependa kuishia hapo na kumpa haki yake. Lakini baada ya Erfurt aliomba na kupokea fedha za Austria kwa habari alizowapelekea. Anayeiokoa nchi yake kwa siri hatumi ankara kwa adui.

Januari 1809 Napoleon alimfokea mbele ya wakuu wa serikali, akamwita, kama inavyosimuliwa, mavi ndani ya soksi ya hariri. Talleyrand hakujibu neno. Inasemekana mlangoni aliwaambia wenzake ni huzuni kwamba mtu mkubwa kiasi kile amelelewa vibaya. Alivuliwa cheo cha msimamizi mkuu wa kasri, kichwa kikabaki mabegani.

Tarehe 31 Machi 1814 majeshi ya Ulaya yaliingia Paris, na Tsar Alexander akafikia nyumbani kwa Talleyrand, mtaa wa Saint-Florentin. Ndani ya siku chache Talleyrand aliitisha Seneti, akaongoza serikali ya mpito, Napoleon akatangazwa kuondolewa. Alimchagua Louis XVIII kwa hesabu moja: mtawala mwingine yeyote angekuwa kibaraka wa aliyemleta, ila mfalme wa ukoo wa kale angesimama kwa haki yake. Na Seneti ikaandaa katiba kabla mfalme hajafika. Ni ile ile ndoto ya 1789.

Mkataba wa Paris wa tarehe 30 Mei 1814 unashangaza ukiusoma leo. Nchi iliyoivuruga Ulaya kwa zaidi ya miaka 20 ilibaki na mipaka ya 1792 na haikutozwa fidia. Kisha akaenda Vienna, ambako Uingereza, Austria, Prussia na Urusi zilikusudia kugawana Ulaya peke yao. Walipompa karatasi iliyowataja kama "washirika," aliwauliza: washirika dhidi ya nani? Vita vimekwisha, Napoleon yuko uhamishoni kisiwani Elba, na mfalme wa Ufaransa ametia sahihi amani. Swali hilo liliwavuruga. Akawakusanya wadogo waliopuuzwa, akainua bendera ya uhalali wa tawala, na zile nne zilipogombana juu ya Saxony na Poland akapenya katikati. Tarehe 3 Januari 1815 Ufaransa ilitia sahihi mkataba wa siri na Uingereza na Austria. Miezi tisa tu baada ya kushindwa, ilikuwa mshirika wa walioishinda.

Napoleon aliporudi kutoka Elba aliyavunja yote hayo kwa siku 100. Baada ya Napoleon kushindwa tena, huko Waterloo, Talleyrand aliongoza serikali kwa wiki chache, akajiuzulu Septemba; mkataba wa pili, wa Novemba 1815, ulitiwa sahihi na mwingine. Ulidai fidia ya faranga milioni 700 na jeshi la kigeni kukaa nchini. Anayetaka kupima thamani ya Talleyrand aiweke mikataba hiyo miwili mezani.

Ila kuna kifungu kingine katika ule wa Mei 1814, na sisi wa pwani hii hatuna ruhusa ya kukipita. Ufaransa iliiachia Uingereza kisiwa cha Mauritius, wakati huo kikiitwa Île de France, pamoja na Rodrigues na Shelisheli, ikarudishiwa Bourbon, ambayo leo ni Réunion. Mashamba ya visiwa hivyo yalilimwa na watumwa, wengi wao kutoka pwani yetu. Mwaka 1776 Mfaransa Morice alikuwa ameandikiana na sultani wa Kilwa mkataba wa kuuziwa watu 1,000 kila mwaka. Na katika kifungu cha nyongeza, Talleyrand alipata kwa Waingereza muda wa miaka mitano zaidi ambao Ufaransa ingeendelea na biashara ya watumwa. Februari 1815, huko Vienna, sahihi yake iko kwenye tamko la kulaani biashara hiyo hiyo, tamko lisilo na tarehe ya kuikomesha. Mwaka 1822 Nahodha Moresby wa Uingereza alimfikia Seyyid Said na mkataba wa kuzuia watu wasiuzwe kwa Wakristo, hasa kwa sababu Mauritius sasa ilikuwa ya Mwingereza na bado watu walikuwa wakisafirishwa. Bourbon iliendelea kupokea majahazi na meli za magendo kwa miaka mingi.

Wanaompenda Talleyrand husema aliitumikia Ufaransa kuliko watawala wake. Nakubali. Lakini Ufaransa aliyoitumikia haikuwa na nafasi ya mtu aliyefungwa minyororo Kilwa Kivinje au Kilwa Kisiwani. Uhalali aliouhubiri Vienna ulikuwa wa viti vya wafalme. Miaka mitano ile aliyoipata kwa ufundi wake wa mazungumzo ilikuwa miaka ya watu.

Yaliyobaki ni mafupi. Wafalme waliorudi walimweka kando, naye akangoja. Julai 1830 Charles X, mrithi wa Louis XVIII, alijaribu kuikanyaga katiba, Paris ikainuka kwa siku tatu, na Talleyrand akawa upande wa Louis-Philippe, mfalme wa katiba hatimaye. London akasaidia kuzaliwa kwa Ubelgiji iliyo huru na isiyofungamana, bila Ufaransa na Uingereza kupigana. Akastaafu mwaka 1834.

Kanisa lilikuwa bado halijamaliza naye. Majira ya kuchipua ya 1838 alikuwa akifa, na padri kijana, Dupanloup, alikuwa akimletea rasimu za hati ya kutubu. Talleyrand alizirekebisha kama alivyorekebisha mikataba, neno kwa neno, na hakutaka kutia sahihi mapema. Alfajiri ya tarehe 17 Mei akatia, kwa jina lake zima, na hati ikaandikwa tarehe 10 Machi, siku alizokuwa bado anahutubia wasomi, asije mtu akasema alitubu akili zikiwa zimemtoka. Mfalme Louis-Philippe alikuja kumuaga asubuhi hiyo.

Padri alipofika kumpa mpako mtakatifu, Talleyrand alikunja ngumi na kumnyooshea migongo ya mikono. Viganja vya aliyepewa daraja vimekwisha kupakwa mafuta siku ya upadrisho, havipakwi tena. "Usisahau," alimwambia, "kwamba mimi ni askofu."